Kati ya Orijino na Feki

Mwaka 1990 jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Uingereza, Jaji Otton, aliletewa swali ambalo ukimuuliza fundi wa gereji atakucheka: hili gari ni lenyewe au si lenyewe? Gari lilikuwa Bentley Speed Six, maarufu kwa jina la Old Number One, yaani Namba Moja Mkongwe. Lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1929, likashinda tena 1930. Mwenye gari alikuwa amekubaliana na kampuni moja iinunue mashine hiyo kwa thamani iliyotajwa kuwa pauni milioni 10. Kisha mnunuzi akarudi nyuma. Akadai kwamba gari alilodhani ananunua halipo tena duniani.

Na kusema ukweli, ukisikiliza hoja zake unamwelewa. Gari la mbio halikai kama lilivyotoka kiwandani. Msimu ukiisha linafunguliwa, linabadilishwa vyuma, linarudi barabarani. Kufikia 1932 Old Number One lilikuwa na injini nyingine kabisa, kubwa, ya lita 8, na mwaka huohuo dereva Clive Dunfee alikufa akiliendesha kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands. Baadaye likajengwa upya na kuvalishwa bodi ya kutembelea mjini. Mahakama ilipokaa kuhesabu kilichosalia, hesabu ilikuwa ya kusikitisha. Kutoka gari la 1929, hakuna kitu, labda vikorokoro vidogo ambavyo umri wake haujulikani. Kutoka gari la 1930: mhimili wa pedeli, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani. Basi. Chesisi, springi na injini vilikuwa vya 1932.

Ungekuwa wewe jaji ungesemaje?

Otton alisema maneno mawili ambayo tangu nimeyasoma hayajaniachia. Alisema gari hilo ni Old Number One halisi. Na alisema si gari la asili lililoshinda 1929, wala lile la 1930. Vyote viwili kwa pamoja. Hoja yake ni kwamba vyuma vipya viliingia kidogokidogo, msimu kwa msimu, na wakati wowote ungemuuliza mtu wa Bentley "Old Number One liko wapi?" angekuonyesha kitu kimoja tu, hakuna kingine kinachoweza kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa kesi.

Sasa sisi huku mtaani tuna maneno yetu ya kuamua mambo haya, na ni machache mno. Ukienda kununua spea utaulizwa unataka orijino au kopi. Kopi kwa wengi wetu maana yake ni feki, na feki maana yake ni kutapeliwa. Hakuna neno la katikati. Hata kadi ya gari inaandika namba ya chesisi na namba ya injini, na mtu akibadilisha injini maelezo yanaanza kuwa marefu. Kwa hiyo nilipoanza kusoma kuhusu Waingereza wanaojenga kwa mikono nakala za magari yao ya zamani ya mbio, nilidhani nasoma habari za matapeli wenye pesa. Nilikuwa natafuta mfano wa semina kuhusu namna ya kupima stadi za mikono (nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na bumu langu haliwezi kununua hata tairi la Bentley). Nikakuta kitu tofauti na nilichotegemea.

Tuanze na aina za nakala, maana watu huzichanganya.

Kuna nakala zinazojengwa na kiwanda chenyewe kilichojenga magari ya zamani. Jaguar ndio waliolifanya jambo hili kuwa biashara. Mwaka 1963 walikuwa wametenga namba za chesisi 18 kwa ajili ya E-type nyepesi za mbio, lakini zikajengwa 12 tu. Nusu karne baadaye, mwaka 2014, wakatangaza kujenga zile 6 zilizobaki, kwa namba zilezile zilizokuwa zimelala kwenye daftari. Kisha XKSS: usiku wa tarehe 12 Februari 1957 moto uliwaka kiwandani Browns Lane, Coventry, ukateketeza magari 9 yaliyokuwa yakisubiri kusafirishwa. Mwaka 2016 Jaguar wakasema watajenga 9. Mwaka 2018 ikawa zamu ya D-type, gari lililoshinda Le Mans mara tatu mfululizo, 1955, 1956 na 1957. Walikuwa wamepanga kujenga 100, wakajenga 75, kwa hiyo wakatangaza 25. Umeona mchezo? Kila mara wanatafuta pengo kwenye rekodi, kisha wanalijaza. Kwa lugha yao si nakala, ni "mwendelezo". Mimi neno hilo linanichekesha kidogo. Ukimaliza kazi ya nyumbani baada ya miaka 60 bado unataka alama za siku ile?

Aina ya pili ni karakana ndogo zisizo na uhusiano na kiwanda. Hizi zilianza zamani kidogo, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Injini ya XK iliyoshinda Le Mans ni ya ukoo uleule uliowekwa kwenye magari ya kawaida ya Jaguar kwa miongo kadhaa, mpaka kwenye XJ6 ya mabosi. XJ6 ikichakaa bodi, injini bado ni nzima. Fundi anaichukua injini, anajenga chesisi mpya, anaivalisha umbo la C-type au D-type. C-type za zamani zilikuwa 53 tu. D-type iliyoshinda Le Mans ya 1956 iliuzwa mnada nchini Marekani mwaka 2016 kwa dola milioni 21.78. Nani ataliendesha la bei hiyo kwenye mvua? Ndiyo maana nakala zina soko.

Aina ya tatu ni bodi ya faibaglasi inayomwagwa kwenye kalibu na kufungwa juu ya gari lolote lile. Kwa mbali inapendeza. Hiyo siizungumzii zaidi, maana ukishakuwa na kalibu kazi imekwisha.

Kilichonishika mimi ni gari moja, Bentley "Blower", na namna lilivyojengwa upya.

Historia yake kwa ufupi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 dereva wa Bentley, Sir Henry Birkin, ambaye watu walimwita Tim, aliona magari yanahitaji nguvu zaidi. W. O. Bentley mwenyewe, mwanzilishi, alikuwa na dawa yake: ukitaka nguvu, jenga injini kubwa zaidi. Birkin akataka supachaja, yaani pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini ili mafuta mengi zaidi yaungue kwa mpigo mmoja. W. O. hakupenda kabisa. Birkin akapata fedha za tajiri mmoja, Dorothy Paget, akayatengeneza kwenye karakana yake huko Welwyn, na supachaja ikafungwa mbele kabisa, chini ya rejeta, ikitokeza kama pua. Kwenye Le Mans ya 1930 Blower zilikimbia kwa vishindo, zikawatesa wapinzani, na hakuna hata moja iliyomaliza. Aliyeshinda siku ile ni Old Number One, yule wa mahakamani. Kwa hiyo mzee W. O. alikuwa na haki. Lakini nenda kamuulize Mwingereza yeyote mpenda magari akutajie Bentley moja ya zamani, atakutajia Blower.

Mwaka 2019 Bentley wakatangaza watajenga Blower 12 mpya, pamoja na moja ya majaribio waliyoiita Car Zero. Walikuwa na moja ya magari ya timu ya Birkin, wakalifungua mpaka msumari wa mwisho, kila kipande kikapigwa picha kwa miale ya leza ili kompyuta ipate vipimo. Hapa ndipo msomaji anapodhani hadithi imeisha: una vipimo kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe, mashine inatoa gari. Haikuwa hivyo. Car Zero lilikuwa na vipande 1,846 vilivyotengenezwa, na kazi yote ilichukua saa zipatazo 40,000. Gawanya mwenyewe. Mtu mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, angemaliza baada ya miaka 20.

Tatizo lilikuwa hili. Kompyuta ilijua umbo la kila kitu. Lakini kiwanda cha kisasa kimesahau namna ya kulifikia umbo hilo. Chesisi ya Blower ni mabamba mazito ya chuma yaliyokunjwa kwa mkono na kushikanishwa kwa ribiti za moto. Ribiti inapashwa mpaka inakuwa nyekundu, inapitishwa kwenye tundu, inagongwa kichwa upande wa pili ikiwa bado laini. Ikipoa inasinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakoyabana mabamba. Nani leo anajua kufanya hivyo? Bentley, kampuni yenye mashine za roboti huko Crewe, ilibidi wabishe hodi kwa Israel Newton, karakana yenye umri wa miaka 200 hivi inayotengeneza maboila ya treni za mvuke. Watu wa maboila. Ujuzi wa kujenga chesisi ya gari la mbio ulikuwa umejificha kwenye kazi ya watu wanaotengeneza mapipa ya mvuke kwa ajili ya treni za makumbusho, kwa sababu wao hawakuacha kugonga ribiti.

Ikawa hivyo kwa kila sehemu. Springi za majani zilikwenda kwa kampuni ya West Midlands iliyoanza kama mhunzi. Rejeta na tangi la mafuta vilikwenda Bicester, kwa wataalamu wa rejeta za zamani, tangi likapondwa kwa nyundo. Taa za mbele zikatengenezwa Sheffield na baba na mwanawe. Mifupa ya bodi ni ya mbao, mti unaoitwa ash, mgumu lakini unaonyumbulika, na hiyo ikaenda kwa mafundi seremala wa bodi za magari huko Ludlow. Ukiiangalia orodha hii unaona ramani: ujuzi wa gari moja la 1929 umetawanyika kwenye karakana nyingi ndogondogo, kila moja imeshika kipande chake, na hakuna hata moja yenye gari zima. Mmoja akifunga duka, kipande hicho kimepotea, hata kama mchoro upo.

Nakala za Jaguar zinaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine, kwa sababu ngozi yake ni alumini. Mbunifu wa umbo la C-type na D-type ni Malcolm Sayer, aliyetoka kwenye kazi ya ndege, na D-type imejengwa kama ndege kweli: sehemu ya katikati ni gamba la mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti, lenyewe ndilo linalobeba uzito. Hakuna hata sehemu moja bapa. Sasa bati likitoka dukani ni bapa. Unalipeleka vipi kwenye mkunjo wa nyonga ya gari?

Kwanza fundi anajenga umbo la gari kwa mbao au kwa fito za chuma, kama kiunzi. Bati halipondewi juu ya kiunzi hicho. Kiunzi ni cha kupimia tu. Anakata kipande, anakiweka juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, anakigonga kwa nyundo ya mbao mpaka kinakuwa bakuli lenye mabondemabonde, baya kutazama. Kisha anakipeleka kwenye mashine wanayoiita gurudumu la Kiingereza: fremu kubwa kama herufi C, yenye magurudumu mawili ya chuma, la juu bapa, la chini lenye mbinuko. Bati linapita katikati, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kila likipita linatanuka kidogo na kulainika. Mkono ndio unaoamua. Ukibana sana, bati linatanuka kupita kiasi, na kulirudisha ni kazi nyingine kabisa. Anakwenda kwenye kiunzi, anajaribisha, mwanga unapita pembeni, anarudi. Bodi nzima ni vipande vingi vya namna hiyo, vikichomelewa kwa gesi na viungo vyake kugongwa mpaka havionekani.

Alumini ina tabia moja ya hila. Ukiigonga inakuwa ngumu, na ikiwa ngumu sana inapasuka. Kwa hiyo unaipasha moto ilainike. Lakini chuma kikipata moto kinakuonya kwa rangi, kinakuwa chekundu. Alumini haibadiliki rangi, inakaa vilevile mpaka ghafla inayeyuka miguuni pako. Unajuaje imetosha? Mafundi wanaisugua sabuni ya kawaida ya kipande. Wanapitisha moto kwa upande wa pili. Sabuni ikiwa nyeusi, toa moto.

Mjomba wangu ni fundi bodi, miaka zaidi ya 20 ananyoosha magari yaliyogongwa. Nilimwonyesha video ya gurudumu lile kwenye simu. Akaitazama mara mbili bila kusema. Kisha akauliza, "Hilo bati hawapaki puti?"

Nikamwambia, "Hawapaki, mjomba. Wakipaka wanaonekana hawajui kazi."

"Mama, na sisi zamani hatukupaka hivi," akasema. "Siku hizi mteja anataka gari jioni." Halafu nikamsimulia ya sabuni. Akacheka, akasema yeye kwa bodi za alumini za malori anatumia kijiti cha mbao: unakiburuza juu ya bati lenye moto, kikiacha alama ya kahawia, tosha. Hakuna aliyemfundisha darasani. Aliona kwa fundi wake, na fundi wake naye aliona kwa mwingine.

Wenzangu wa kitivo chetu wataanza kunusa ninakokwenda. Mwaka 1991 Jean Lave na Etienne Wenger waliandika kitabu kuhusu kujifunza kwa kushiriki, na mmoja wa mifano yao ni mafundi cherehani wa Liberia. Mwanafunzi kule hakuanza na kukata kitambaa. Alianza na mwisho: kushona vifungo, kukunja pindo. Kukata kulikuja baadaye, kwa sababu ukikosea kukata umeharibu kitambaa, ukikosea kifungo umeharibu uzi. Mtaala upo, ila haujaandikwa. Umefichwa kwenye mpangilio wa kazi. Sijui mwalimu yeyote anayeweza kuuweka huo kwenye andalio la somo bila kuupoteza nusu.

Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, ambayo sitaitaja, ina karakana nzuri ya chuma na mbao. Ina kufuli. Wanafunzi walisoma zana kwa kuzichora: patasi, jiliwa, msumeno wa chuma, kila kimoja na mshale na jina. Mtihani uliuliza matumizi ya jiliwa, na wengi walipata. Hakuna aliyewahi kubana kitu nayo. Nikiwaza wale Bentley wenye vipimo vyote vya leza ambao bado iliwabidi wakawatafute watu wa maboila, naona tunafanya jambo lilelile kwa kujitakia. Tunahifadhi mchoro na kuuacha mkono ufe. Tofauti ni kwamba wao wana pesa za kumlipa mtu akumbuke.

Kuna upande mchafu wa habari hii, na nisiuruke. Nakala nzuri ni kishawishi kikubwa cha wizi. Gari likifanana kabisa na lile la dola milioni 21, kinachotenganisha mawili hayo ni karatasi. Kuna nyakati magari mawili yametokea yakidai namba moja ya chesisi, kwa sababu gari la mbio lililopasuliwa vipande miaka ya 1950 linaweza kuzaa watoto wawili: mmoja amerithi fremu, mwingine injini, kila mmoja anasema yeye ndiye. Waingereza wamejaribu kuziba mianya. Gari ambalo umri au utambulisho wake una shaka, mamlaka yao ya usajili inalipa namba inayoanza na herufi Q, na kila mtu barabarani anaiona. Kwenye mashindano ya magari ya kihistoria, shirikisho la kimataifa FIA linatoa pasipoti ya kiufundi. Lakini pasipoti hiyo inathibitisha kwamba gari limejengwa kwa vipimo vya zama zake. Haithibitishi kwamba ndilo lililokuwepo siku ile. Mimi naona huo ni uungwana. Wanauliza maswali mawili tofauti, na wanayaacha yabaki mawili, kama alivyofanya Jaji Otton.

Lililoniudhi ni la Sweden. Huko wapo watu waliokuwa wakijenga nakala za C-type kwa mikono, na Jaguar Land Rover ikawapeleka mahakamani ikidai kwamba umbo lile ni kazi ya sanaa inayolindwa na hakimiliki. Desemba 2020 mahakama jijini Stockholm ikaipa kampuni ushindi. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikautengua. Sitaki kujifanya mwanasheria, wenzetu wa kitivo cha sheria wapo. Lakini angalia miaka: kampuni ilipoanza kukaza kamba ni kipindi kilekile ilipokuwa ikiuza "mwendelezo" wake, na 2021 ikatangaza C-type mpya za kwake. Kwa miaka mingi kabla ya hapo kiwanda hakikuwa na haja na gari lile. Waliokuwa wakijua namna ya kulikunja bati lake ni hao wenye karakana ndogo.

Mtu anaweza kuniambia: yote haya ni vitu vya kuchezea vya matajiri, sisi tunatafuta nauli ya daladala. Ni kweli. Hakuna mtu atakayepona ugonjwa kwa sababu Blower 12 zimejengwa. Lakini fedha ya tajiri ilikwenda kulipa mshahara wa mpiga ribiti, na mpiga ribiti akapata sababu ya kuchukua kijana wa kumfundisha. Pale Bicester, kwenye kambi ya zamani ya ndege za kivita iliyogeuzwa mtaa wa karakana za magari ya kale, kuna chuo cha stadi hizi, Heritage Skills Academy, kinachochukua vijana wa uanagenzi. Wanajifunza injini za kabureta, mifupa ya mbao, na kukunja bati. Wana umri wetu, na wengine wadogo kuliko sisi.

Mjomba naye ana kijana mmoja gereji. Miezi minne sasa anasugua msasa na kuosha brashi, nyundo hajapewa. Nilidhani anaonewa, nikamuuliza mjomba kwa nini. Akamwita yule kijana, akamwambia afumbe macho na apitishe kiganja kwenye mlango wa gari uliokuwa umenyooshwa asubuhi, aseme wapi bado. Kijana alikwenda taratibu, akasimama chini ya kitasa, akasema hapa. Mimi nilipitisha kiganja hapohapo. Sikusikia kitu.